Uzito Unapohama

Roger Gracie hakuwa na siri. Kila aliyepanda mkekani kupambana naye alijua atakachofanyiwa. Huyu Mbrazili mrefu mwenye makazi yake London atamwangusha, ataivuka miguu yake, atamkalia tumboni, ataingiza mkono mmoja ndani ya ukosi wa kimono, kisha wa pili, halafu atabana. Ni kabali anayofundishwa mwanafunzi wa mkanda mweupe katika wiki zake za mwanzo, kabali ya kizamani isiyo na madoido yoyote. Hata hivyo, katika Mashindano ya Dunia ya jiu-jitsu ya Kibrazili ya 2009, Roger aliwafanya wapinzani wake wote wasalimu amri, katika uzito wake na katika kundi la wazi lisilojali kilo, na wengi wao walikwenda na kabali hiyo hiyo. Hawakuwa watu wa kuokoteza. Walikuwa mikanda myeusi waliotumia nusu ya maisha yao kujifunza namna ya kuizuia.

Wengi wameishangaa mikono yake. Mimi naona mikono ilikuja tu kuchuma kilichokwisha kuiva. Kazi ilifanyika kabla, katika ile safari fupi ya kutoka ubavuni mwa mtu hadi juu ya tumbo lake, ambayo mtazamaji wa kawaida haioni kwa kuwa hakuna anayerushwa wala kinachovunjika. Mwili mmoja unahama juu ya mwili mwingine, basi.

Kwa asiyeujua mchezo: jiu-jitsu ya Kibrazili huanza watu wakiwa wamesimama, lakini haichukui muda mmoja wao atakuwa chini na mwingine juu. Aliye chini ana miguu, na miguu ndiyo ngao yake na ndiyo silaha yake. Humfunga nayo mwenzake, humsukuma, humpindua, hata humkaba. Kwa hiyo aliye juu kwanza huhangaika kuivuka miguu hiyo. Akishaivuka ana mahali kadhaa pa kukaa. Anaweza kumlalia mwenzake ubavuni, kifua juu ya kifua, miili ikikatana kama msalaba. Anaweza kuinuka na kumkandamiza kwa goti tumboni. Anaweza kuzunguka upande wa kichwa wakawa wamelaliana kinyumenyume, hali ambayo wachezaji huiita kaskazini-kusini. Anaweza kumkalia, magoti huku na huku. Na mwenzake akigeuka, anaweza kumpanda mgongoni.

Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IBJJF, zimeipa bei karibu kila hali. Kuivuka miguu ni pointi 3, goti tumboni 2, kumkalia 4, kushika mgongo 4, mradi umetulia hapo sekunde 3. Kumlalia mtu ubavuni hakuna pointi kwa jina lake. Unalipwa kwa kuvuka, hulipwi kwa kulala. Ukiiacha hali kwa hiari yako ili uirudie ukusanye pointi upya, hupati kitu. Lakini ukizipita hali kadhaa kwa mfululizo mmoja, bila kukatika, unatakiwa kutulia sekunde 3 katika ile ya mwisho tu, na zote zinahesabiwa. Kanuni hii ya mwisho naipenda kuliko zote. Aliyeitunga alijua kwamba aliye juu hana vituo vingi vilivyotengana. Ana njia moja.

Na njia hiyo ndiyo inayoutenga mchezo huu na ndugu zake. Katika judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano pale Tokyo mwaka 1882, ukimbana mwenzako chali kwa sekunde 20, umeshinda, kamata begi lako uende. Katika mieleka ya Olimpiki mabega mawili yakigusa mkeka na yakashikiliwa hapo kidogo, mchezo umekwisha. Aliye juu katika michezo hiyo anataka dunia isimame. Katika jiu-jitsu hakuna anayekupa ushindi kwa kumlalia mtu, na mwamuzi akikuona hutafuti kusonga mbele anaweza kuanza kukuhesabia sekunde 20, kisha akuadhibu. Sekunde zile zile 20! Huku zinakupa medali, kule zinakupa adhabu. Nikiambiwa niueleze mchezo huu kwa mtu wa judo aliye na haraka, nitamwambia hilo tu nimwache akapime mwenyewe.

Mbegu, hata hivyo, ilitoka judo. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, shule ya judo ya Kano, aliyezunguka dunia akipigana kwa malipo, alifika Brazil mwaka 1914 na hatimaye akaweka makazi Belém, mji ulio karibu na mdomo wa Amazon. Huko ndiko kijana Carlos Gracie alikojifunza kwake, na Carlos akawafundisha ndugu zake, akiwamo Hélio aliyezaliwa mwaka 1913. Hadithi ya familia hiyo imesimuliwa mno, nami nitaipita. Ninachohitaji hapa ni siku moja ya Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, siku Hélio alipopambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani aliyemzidi kilo nyingi.

Kimura alimrusha Hélio tena na tena, lakini mikeka ilikuwa laini na Hélio alikuwa mbishi. Wakaingia raundi ya pili. Kwa simulizi ya Kimura mwenyewe, alimlalia Hélio kwa upande wa kichwa, ile kaskazini-kusini, tumbo lake likimfunika Hélio uso hadi hewa ikawa taabu. Hélio, akitafuta kupumua, akanyoosha mkono wa kushoto kumsukuma. Kimura alikuwa akiungoja mkono huo. Aliudaka kifundo, akaupinda kuelekea mgongoni, akauzungusha. Hélio hakusalimu amri. Mkono ukavunjika, na Carlos akarusha taulo kumwokoa ndugu yake. Leo mbinu hiyo inaitwa kimura dunia nzima, na hao hao Wabrazili walioshindwa ndio waliompa heshima hiyo.

Watu hukumbuka mkono uliovunjika na ubishi wa Hélio. Naomba tuirudishe kanda nyuma kidogo, hadi pale mkono unaponyooshwa. Kimura hakuuchukua mkono ule. Aliletewa. Alichofanya ni kukaa mahali ambapo kupumua kulikuwa na gharama, akasubiri mwenzake achague namna ya kulipa. Angesukuma kwa mkono wa kulia, pambano lingekwisha kwa upande wa pili. Angegeuka kifudifudi, angetoa mgongo. Angetulia, angekosa hewa. Kila mlango ulikuwa wazi na kila mlango ulikuwa na mtu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoufundisha mchezo huu kama ngazi: ubavuni, goti, kukalia, mgongoni, panda moja baada ya nyingine. Ngazi ipo, sikatai. Lakini aliye juu hapandi kwa ratiba yake. Anayeamua ni wakati gani hali ibadilike, na ibadilike kuwa nini, ni yule aliye chini. Kiwiko chake, pumzi yake, woga wake ndivyo vinavyotoa amri, na aliye juu, licha ya mamlaka yake yote, ni mfuasi tu. Ufundi wake ni kuwa mfuasi wa haraka.

Mahali ninapofanyia mazoezi yupo dada mmoja, mkanda wa zambarau, ambaye sijawahi kumuuliza uzito wake lakini siamini kama anafika kilo 60. Mimi nimemzidi kwa mbali. Akinilalia ubavuni nasikia kama nimeangukiwa na gunia la mahindi lenye akili. Siri ya kwanza ya uzito huo ni ndogo na ya kifizikia: magoti yake hayagusi mkeka. Mtu akipiga magoti, sehemu ya uzito wake inapotelea sakafuni. Yeye anasimamia ncha za vidole vya miguu, na kinachobaki chote kinapitia kifuani kwake kuingia kwangu. Bega lake liko chini ya taya langu, limenigeuza uso nitazame ukutani, na mtu asiyeweza kugeuza shingo hawezi kugeuza kiwiliwili. Mkono wake mmoja umepita chini ya shingo yangu, mwingine chini ya kwapa langu la mbali. Jasho lake linanidondokea jichoni na sina mkono wa kulifuta.

Nifanye nini? Nafanya nilichofundishwa. Naweka kigasha kwenye nyonga yake, nachomoa kiuno nyuma, naingiza goti kati yetu ili miguu yangu irudi kazini. Ni jibu sahihi kabisa, liko katika kila kitabu. Yeye hashindani na goti hilo. Analiachia nafasi lije, na linapokuja linakuta hewa, kwa sababu miguu yake imeshazunguka upande wa kichwa changu na kifua chake bado kiko juu ya kifua changu. Ameondoka bila kuondoka. Nageuka kumfuata, naye anarudi ubavuni, upande ule niliouacha wazi. Sasa nimechoka na nimekasirika kidogo, namsukuma nyonga kwa mikono yote miwili nimtoe juu yangu. Anakubali. Anainuka kwa nguvu zangu mwenyewe, na goti lake linatua tumboni, ugoko ukikatiza juu ya mkanda wangu. Mikono yangu imenyooka, iko mbali na mwili, na mtu yeyote mwenye mkanda wa zambarau akiona mkono ulionyooka anaona kiwiko cha kuchukua. Najua. Naivuta mikono haraka kuilinda. Pale pale goti linateleza, linapita tumbo lote hadi linagusa mkeka wa upande wa pili, na amenikalia.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa tumekaa ukutani tunakunywa maji, "Dada, hivi huwa unapitaje pale?"

"Si unanifungulia mwenyewe, kaka," akasema, akaendelea na maji yake.

Nimejaribu tangu hapo kumtazama anapofanya hivyo kwa wengine, kwa kuwa ukiwa chini huoni kitu zaidi ya ukuta. Nilichogundua ni kwamba hahami kamwe na mwili mzima. Anafanana na mkwezi wa minazi: miguu ikipanda mikono imeshika, mikono ikipanda miguu imeshika, na hakuna wakati ambapo vyote vimeachia kwa pamoja. Kifua kinabaki nyonga ikihama. Goti likiteleza, mkono umeshika ukosi na mwingine unalikandamiza paja la mwenzake lisiinuke kuziba njia. Mtazamaji anaona mwendo mmoja laini. Ukweli ni kwamba kuna kitu kinachobeba na kitu kinachosafiri, na vinapokezana.

Udhaifu wa mtu aliye juu uko katika kupokezana huko, na penginepo haupo. Anayelala ubavuni na asisogee ni vigumu sana kumtoa. Anayekalia na kukumbatia shingo vilevile. Lakini akinyanyua goti kuvuka tumbo, kuna chembe ya muda ambapo amesimamia goti moja na mkono mmoja, na aliye chini mwenye subira anaijua chembe hiyo. Atainua kiuno kama daraja wakati huo huo, au atanasa mguu unaovuka kati ya mapaja yake, na mwenye pointi zake 3 anajikuta amerudi nusu ya njia. Waswahili tulishasema aliye juu mngoje chini. Watu wengi huisikia methali hiyo kama ya kumngoja mwenye kiburi aanguke kwa majaaliwa. Mkekani haina majaaliwa. Humngoji aanguke. Unamngoja ahame.

Basi kwa nini ahame? Swali hili nimelisikia kwa wanafunzi wengi wapya, hasa wale wenye miili mikubwa, na si swali la kijinga. Ukiwa ubavuni, salama, mtu mzima wa kilo 90, mwenzako hana pa kwenda, kwa nini ujitie hatarini? Jibu la mwamuzi nimeshalitaja. Jibu la mwalimu ni kwamba ubavuni kuna mbinu chache za kumaliza na nyingi zinajulikana. Lakini kuna jibu la tatu, nalo ndilo naliamini: usipohama wewe, atakuhamisha yeye. Mwili wa binadamu haukubali kubanwa. Utajikunja, utasukuma, utatafuta tundu la hewa, na kila mjongeo wake unakula sentimita moja ya nafasi yako. Anayeng'ang'ania hali ileile hujikuta akitumia nguvu kuirudisha ilivyokuwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nguvu zake zinaisha kabla ya za mwenzake. Anayehama pamoja na mjongeo huo hatumii karibu chochote. (Nilikuwa karibu kuandika sentensi mbili kuhusu wanasiasa wetu na viti vyao. Waandishi wa michezo tuna ugonjwa huo. Nimezifuta.)

Kumkalia mtu kuna nguvu ambayo haimo katika pointi 4. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, wakati huo mapigano yenye kanuni chache mno. Bondia Art Jimmerson aliingia amevaa glavu moja, mkono mwingine mtupu. Royce Gracie, mtoto wa Hélio, alimwangusha, akamkalia. Hakuna kabali iliyofungwa na hakuna kiungo kilichopindwa. Jimmerson alipiga mkono mkekani kukubali kushindwa. Walimcheka sana, na bado wanamcheka. Mimi simcheki. Alitazama juu akaona mtu amekaa mahali ambapo ngumi zake mwenyewe hazifiki na za mwenzake zinafika, akafanya hesabu ambayo wengine hawakuwa wameifanya bado. Usiku ule ule, katika fainali, Royce alimaliza kwa kumkaba Gerard Gordeau kutoka mgongoni.

Mfuatano huo, tumboni kisha mgongoni, ulizaliwa katika mapigano ya ngumi na unaeleweka vizuri zaidi ukiuona huko. Anayepigwa ngumi akiwa chali hufanya jambo la kawaida kabisa: huficha uso. Kuficha uso ni kugeuka. Kugeuka ni kutoa mgongo. Hakuna aliyefundishwa kutoa mgongo. Mwili unautoa wenyewe kwa sababu jicho linaogopa zaidi kuliko shingo. Katika jiu-jitsu ya mashindano hakuna ngumi, lakini kumbukumbu ya ngumi imebaki katika umbo la mchezo. Aliyekaliwa akigeuka upande, aliye juu anainua goti moja hadi karibu na kichwa chake, la pili linabaki nyuma ya mgongo, na sasa amekaa kama mtu anayesubiri basi. Mwenzake akiendelea kugeuka, basi limefika: mkono mmoja juu ya bega, mwingine chini ya kwapa, viganja vinakutana kifuani, visigino vinaingia ndani ya mapaja. Akighairi na kurudi chali, amerudi kukaliwa.

Msomaji wa Dar aliyewahi kupigwa roba, au wa Nairobi aliyewahi kupigwa ngeta, hahitaji kuelezwa mgongoni ni mahali gani. Vibaka wa miji yetu walifika huko bila kuvaa kimono. Wanakuja nyuma kwa sababu nyuma hakuna macho, na mikono ya binadamu imeumbwa kufanya kazi mbele. Ndiyo maana nashindwa kuelewa kwa nini IBJJF inaipa hali hiyo pointi 4 sawasawa na kumkalia mtu. Mashindano ya ADCC, yaliyoanzia Abu Dhabi mwaka 1998, yana hesabu nyingine: mgongoni 3, kumkalia 2. Hapo naungana na Abu Dhabi bila kusita. Aliyekaliwa anakuona, anaweza kukusoma usoni, kukushika mikono, kukuinua kwa kiuno. Aliyeshikwa mgongo anapigana na mtu ambaye hayupo mbele yake.

Marcelo Garcia aliijenga kazi yake yote juu ya tofauti hiyo. Alishinda ADCC katika kundi la chini ya kilo 77 mara nne, 2003, 2005, 2007 na 2011, na katika kundi la wazi alikuwa akikutana na watu ambao ukimweka karibu nao unadhani ni mpwa wao. Marcelo hakuwa na haja ya kupanda ngazi. Akivuta mkono wa mtu, mtu huyo akiegemea nyuma kuuokoa, tayari Marcelo yuko mgongoni mwake. Hakutaka kumkalia mtu wa kilo 100, maana mtu wa kilo 100 akiinua kiuno unapaa. Mgongoni kiuno hicho hakina wa kumrusha. Ni mwili mwingine, ni njia nyingine, lakini utaratibu ni ule ule: mwenzake ndiye aliyeegemea.

Roger na Marcelo hawafanani kwa lolote, mmoja mrefu na mzito, mwingine mfupi na mwepesi, mmoja anapenda tumbo, mwingine mgongo. Wanachofanana ni kutokuwa na haraka ya kufika na kutokosa wakati wa kuondoka. Roger akiwa ubavuni huwezi kusema anajiandaa kuhama. Anabana tu. Anabana hadi mwenzake aseme jambo kwa mwili wake, hata neno dogo kama kuinua kiwiko kutoka mbavuni, na kiwiko kile kikiinuka goti la Roger linaingia chini yake na halitoki tena. Kisha anapanda polepole, goti hili, goti lile, hadi makwapani, mikono ya mwenzake ikinyanyuliwa taratibu kuelekea masikioni kama mtu anayevuliwa fulana. Mikono iliyo pale juu haiwezi kulinda shingo na kusukuma kiuno kwa pamoja. Itachagua. Wakati huo ndipo mkono wa kwanza unapoingia kwenye ukosi, na kabali inabana mishipa ya damu pande mbili za shingo, sekunde chache, kwisha.

Wanaoanza hufanya kinyume, na wala si wa kulaumiwa, maana wamehesabiwa pointi tangu siku ya kwanza. Wamevuka miguu, wamepata 3, macho yao yako kwenye 4. Hawajalala ubavuni hata kwa pumzi moja, goti limesharuka. Wanapigania hali ambayo mwenzao hajawapa. Na kwa kuwa mwenzao hajachoka, hajasukuma, hajaeleza anaogopa nini, goti hilo linakutana na mguu unaolisubiri. Walimu huwaambia watulie, lakini kutulia peke yake hakufundishi kitu. Mtu anaweza kutulia kama jiwe asisikie chochote kilicho chini yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa mchezo huu, wa kwetu na wa kwingine. Mazoezi ya kuhama juu ya mtu bado yanafanywa, mahali pengi nilipoona, kwa mtindo wa kuhesabu: moja ubavuni, mbili goti, tatu kalia, na aliye chini amelala kama maiti anayesubiri kuoshwa. Mwanafunzi anajifunza njia lakini hajifunzi nani anayeifungua. Tengeni dakika tano mwishoni mwa kila somo. Aliye juu akatazwe kukaba, akatazwe kupinda mkono, akatazwe hata kuchagua pa kwenda. Aliye chini ndiye aamue: asukume, ageuke, aingize goti, au anyamaze kabisa. Aliye juu kazi yake iwe moja, kuhama kila anapohamishwa bila uzito wake kuondoka kifuani mwa mwenzake. Kisha wabadilishane. Wekeni mwembamba juu ya mnene, na mkanda mweupe juu ya mweusi. Wengi watapinduliwa wiki za mwanzo, waacheni wapinduliwe.